Dodoso la malengo ya mazoezi si mtihani: namna ya kulijaza na kwa nini fomu nyingine hurudishwa

Tangu kampeni ya kupima malengo ya wanaofanya mazoezi ianze, malalamiko yameongezeka, na mengi yanafanana. Wapo wanaosema maswali yanajirudia. Wapo wanaokerwa kuulizwa habari za sura na umbo ilhali wao "wamefuata afya". Na wapo wanaorudishiwa fomu kisha wakaja juu kutaka kujua wamefeli swali gani.

Tuanze na hilo la kufeli. Hakuna kufeli. Namba zako hazijumlishwi kupata alama moja, kwa hiyo anayejisifu kuwa "amepata 180" amejumlisha vitu visivyojumlishika. Fomu yetu ya kwanza, EMI-2, ni moja ya madodoso yanayotumika sana; lilichapishwa na David Markland na David Ingledew mwaka 1997, na lina kauli 51 katika makundi 14: kufurahia mazoezi, kupunguza msongo wa mawazo, ushindani, kujumuika na watu, kudhibiti uzito, mwonekano, nguvu na ustahimilivu, na mengineyo. Kila kauli unaipa namba, kuanzia 0 (si kweli kabisa kwangu) hadi 5 (ni kweli kabisa kwangu). Kila kundi hutafutiwa wastani wake peke yake. Ukiweka 5, 4, 5 na 4 kwenye kauli nne za mwonekano, wastani wako hapo ni 4.5, na hiyo 4.5 haihusiani na ulichojibu kwenye ushindani. Tunachosoma ni lipi limepanda na lipi limeshuka kwa mtu huyohuyo.

Kauli zinajirudia kwa makusudi. Moja unaweza kuielewa vibaya au kuijibu mawazo yakiwa kwingine, lakini tatu au nne zinazozunguka jambo moja kwa maneno tofauti hutupa jibu la kutegemeka. Anayejibu ile ya kwanza kisha akanakili namba yake kwenye zilizobaki "kwa sababu ni zilezile" anatuharibia kazi.

Sasa hii ya "nimefuata afya". Karibu kila mtu huandika hivyo akiachiwa nafasi wazi, na ndiyo sababu hatumwachii nafasi wazi. Aliyeamriwa na daktari, anayehofia ugonjwa uliomo katika ukoo wake, na anayetaka tu kujisikia mzima wanatumia neno moja kwa mambo matatu. EMI-2 inayatenganisha: shinikizo la kiafya, kuepuka maradhi, na afya njema kwa jumla. Zaidi ya hapo, "afya" ndilo jibu ambalo watu hudhani tunataka kulisikia. Hatutaki kusikia chochote. Kupenda kupendeza si dhambi, na hakuna mtumishi wetu atakayekuhubiria.

Tunauliza kwa sababu malengo hayafanyi kazi sawa. Katika tafiti za Ingledew na wenzake, mambo ya uzito na mwonekano yalijitokeza zaidi kwa wanaoanza, na kufurahia mazoezi kukapata nguvu zaidi kwa waliokwisha kuzoea. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Pedro Teixeira na wenzake mwaka 2012 yalionyesha kwamba kuthamini faida za mazoezi kunahusiana zaidi na kuyaanza, na kuyafurahia kunahusiana zaidi na kudumu nayo. Kwa hiyo mtu ambaye wastani wake wa mwonekano ni 4.5 na wa kufurahia ni 0.5 hatumwambii abadili lengo. Tunamtafutia zoezi analoweza kulipenda mapema, kabla kioo hakijamkatisha tamaa.

Fomu ya pili, BREQ-2, inalalamikiwa zaidi kwa sababu watu wanaona ni kazi maradufu. Ina kauli 19 tu, za kuanzia 0 hadi 4. Ya kwanza inauliza unataka nini, na hii inauliza nani au nini kinakusukuma. Wawili wanaweza wote kutaka kupungua uzito, mmoja kwa kuwa mwenzi wake anamsema, mwingine kwa kuwa ameamua mwenyewe. Kwenye fomu ya kwanza wanafanana kabisa.

Wengine huandika pembeni "lengo: hatua 10,000". Hicho ni kiwango ambacho simu imekupangia. Asili yake ni jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Swali ni kwa nini unazitaka hizo hatua.

Kuhusu kurudishiwa fomu, utaratibu wetu ni huu. Kila kauli huzungushiwa namba moja. Ukizungushia mbili, au ukaweka alama katikati ya 3 na 4, kauli hiyo huhesabiwa kuwa haikujibiwa. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, zungushia namba sahihi, kisha weka saini fupi pembeni. Usifute kwa wino mweupe. Kundi lenye kauli tatu likikosa jibu hata moja, fomu inarudi. Kundi lenye kauli nne tunavumilia pengo moja, si zaidi. Fomu ambayo mtu amepiga mstari mmoja kutoka juu hadi chini kwenye safu ya 5 (zinaletwa, tena kwa kujiamini) hufutwa moja kwa moja na mhusika hupewa mpya. Iliyojazwa na mtu mwingine hufutwa pia, hata kama huyo mwingine ni mume, mke au mwalimu wa mazoezi anayekujua vizuri. Asiyeweza kusoma husomewa kauli jinsi zilivyoandikwa, bila kufafanuliwa, na msomaji hutia saini. Fomu ikifutwa mara mbili, utasubiri awamu inayofuata. Mtumishi atakayebainika kumjazia mtu au kutoa majibu ya mtu nje ya kitengo hufikishwa kwenye kamati ya nidhamu.

Ambaye hafanyi mazoezi hajakatazwa. EMI-2 iliandikwa ili hata asiyefanya aweze kujibu, akifikiria kingemfanya aanze ni nini.

Baada ya miezi sita utapewa fomu zilezile, na hapo wengi huomba kuona majibu ya zamani "ili wasijikanganye". Hatuyatoi kabla hujajaza, kwa kuwa mabadiliko ndiyo tunayoyatafuta. Ukishakabidhi fomu mpya, utaonyeshwa za zamani na mpya na unaweza kuondoka na nakala.