Spika ya njia tatu: anza na ya kati, wufa itafuata

Wengi wanaotaka kujitengenezea spika ya njia tatu, yaani yenye wufa ya besi, spika ya kati ya sauti za watu na twita ya sauti nyembamba, huanza na wufa. Ndiyo inayoonekana, ndiyo nzito mkononi, na ndiyo inayotikisa vifua vya wageni. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilinunua wufa ya inchi 12 yenye sumaku nene, nikahangaika na boksi lake kwa wiki kadhaa, kisha pesa iliyobaki ndiyo nikatafutia spika ya kati na twita. Besi ilitoka safi kabisa. Lakini mwimbaji alisikika kama yuko nyuma ya pazia, na hakuna kapasita, kile kifaa kinachosaidia kuchuja masafa, niliyobadilisha iliyomtoa huko.

Tangu hapo utaratibu wangu umegeuka. Nachagua ya kati kwanza, kisha twita, kisha wufa. Amplifaya inakuja mwisho, baada ya spika zenyewe kusema zinahitaji nini.

Fikiria simu za zamani za waya. Zilipitisha masafa ya Hz 300 hadi 3400 tu (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), lakini mama akipiga ulimtambua kwa neno la kwanza. Eneo hilo ndilo makazi ya sauti ya binadamu kama tunavyoielewa, na katika spika ya njia tatu karibu lote liko mikononi mwa spika ya kati. Besi ikipungua kidogo sikio husamehe. Sauti ya mtu ikiharibika, halisamehi.

Kitu cha kwanza ninachotazama ni ukubwa. Mawimbi ya sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 3000 lina urefu wa sentimita 11.4. Koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka, ikikaribia upana huo, sauti huacha kusambaa na kuanza kuelekea mbele tu, kama mwanga wa tochi. Aliyekaa katikati anasikia kila kitu, wa pembeni anapata sauti iliyofifia. Spika ya inchi 5 ina koni yenye kipenyo cha sentimita 10 hivi, na kwangu huo ndio mpaka. Ukipita hapo, ujue lazima uikabidhi kazi twita mapema zaidi.

Cha pili ni koni imetengenezwa kwa nini. Koni ya alumini ni ngumu na inatii vizuri, ila ina mlio wake yenyewe, mara nyingi juu ya Hz 5000. Tuseme mlio huo uko Hz 7500 nawe umekata kwenye Hz 3000 kwa krosova, saketi inayogawia kila spika masafa yake. Unadhani umeukwepa. Tatizo ni kwamba kila spika, kwa jinsi koili (waya uliozungushwa) na sumaku yake zinavyofanya kazi, huzaa kidogo masafa ya mara tatu ya noti inayopigwa. Noti ya Hz 2500 mara tatu ni Hz 7500, pale pale penye mlio. Krosova imekaa kabla ya spika, haiwezi kuchuja kinachozaliwa baada yake. Hii ndiyo sababu spika mbili zenye mchoro unaofanana kwenye karatasi ya vipimo zinaweza kusikika tofauti kabisa, moja laini na nyingine ya kuchosha masikio baada ya nusu saa. Kwa koni ya chuma nakata karibu na Hz 2000. Nikitaka kufika Hz 3000, nachukua koni ya karatasi.

Ya kati ipewe chumba chake ndani ya boksi, kilichozibwa kabisa na kujazwa pamba ya polista. Ikichangia hewa na wufa, kila pigo la besi litaisukuma koni yake kutoka nyuma.

Kwa twita nina masharti mawili tu. Krosova iwe angalau mara mbili ya masafa yake ya mwangwi, pale inapotetemeka yenyewe kwa urahisi zaidi, yale yanayoandikwa Fs, nami hupendelea mara mbili na nusu. Twita yenye Fs ya Hz 900 basi isipewe kitu chini ya Hz 2200 hivi. La pili, kitovu chake kiwe karibu na kitovu cha spika ya kati, umbali usiozidi urefu wa wimbi mahali zinapopokezana. Kwa Hz 2500 hiyo ni sentimita 13.7. Pima fremu za spika zote mbili kwa rula kabla ya kulipa, si baada ya kukata mbao.

Sasa wufa. Hapa tunashukuru kazi ya Neville Thiele, aliyechapisha hesabu zake Australia mwaka 1961, na Richard Small aliyeziendeleza miaka ya 1970. Ukiwa na namba tatu za wufa, Fs, Qts (jinsi mwangwi wake unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye unyumbufu sawa na wa koni), unaweza kujua besi itakavyokuwa kabla hujashika msumeno. Kwa boksi lililozibwa, gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza moja, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha Qts na Fs kwa jibu hilo. Mfano: wufa ya Fs 28, Qts 0.38 na Vas lita 80 ndani ya boksi la lita 35. Kipeuo cha pili ni karibu 1.81, kwa hiyo Q ya mfumo, yaani Qts mpya ndani ya boksi, inakuwa 0.69 na mwangwi wake unapanda hadi Hz 51. Q ya 0.7 ndiyo besi iliyonyooka, isiyo na uvimbe. Wufa hiyo inafaa.

Halafu kuna mitego miwili ya unyeti, yaani desibeli ngapi spika inatoa kwa umeme kiasi gani. Wauzaji hupima kwa voti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hiyo ni wati 1, lakini kwa ya omu 4 ni wati 2. Spika ya omu 4 inayojigamba kuwa na desibeli 3 zaidi huenda haina ubora wowote wa ziada, imekunywa umeme mara mbili tu. Mtego wa pili ni ubao wa mbele. Masafa ya juu husukumwa mbele nao, ila ya chini hulizunguka boksi na kutawanyika, na hapo unaweza kupoteza hadi desibeli 6. Gawanya 115 kwa upana wa ubao kwa mita, utapata mahali mporomoko huo ulipo: ubao wa sentimita 30 unakupa karibu Hz 380. Chumba hurudisha sehemu, ndiyo maana mimi hutoa desibeli 4. Wufa ya desibeli 90 naihesabu kuwa ya 86, na ya kati lazima iwe na unyeti wa 86 au zaidi. Ya kati unaweza kuipunguza kwa rezista. Kuiongeza huwezi.

Isipokuwa ukiipa kila spika amplifaya yake. Kwa njia tatu, mimi nashauri hivyo bila kusita. Angalia krosova ya kawaida ya wufa ya omu 8 inayokata Hz 300 kwa mteremko wa desibeli 12 kila masafa yanapoongezeka maradufu: inataka koili ya milihenri 8.5 na kapasita ya mikrofaradi 33. Koili kubwa namna hiyo ni mzigo wa shaba, ina ukinzani wake, na ukinzani huo unapandisha ile Q uliyoihesabu kwa uangalifu. Isitoshe, wufa ya omu 8 si omu 8 kila mahali. Kwenye mwangwi wake inaweza kupita omu 30, na kanuni zile rahisi hazilijui hilo. Krosova ya kidijitali iliyokaa kabla ya amplifaya haijali lolote kati ya hayo. Inarekebisha hata muda: twita ikiwa mbele ya ya kati kwa sentimita 2, unaichelewesha milisekunde 0.058 na kazi imekwisha.

Wati ngapi? Chukua ile 86, ukae mita 3. Umbali unakula desibeli 9.5, spika ya upande wa pili inarudisha 3. Kwa wati moja kila upande unapata karibu desibeli 80 mahali ulipokaa, na hiyo ni sauti inayotosha watu wengi. Lakini pigo la ngoma hupanda desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kwa hiyo wufa naipa wati 100. Ya kati inatosheka na 40 au 50. Twita ya desibeli 92 inahitaji robo tu ya umeme kwa sauti ile ile, na haipewi besi kabisa. Chipu kama LM3886, inayotoa wati 38 kwa omu 8 na wati 68 kwa omu 4 ikipewa voti 28 chanya na hasi, inazitosha zote mbili.

Kinachosumbua kwenye twita ni mchakacho wa amplifaya yenyewe, ule ushhh unaosikika muziki ukiwa kimya, kwa sababu hakuna rezista katikati ya kuuzima. Shusha ukuzaji wa amplifaya ya twita. LM3886 inavumilia hadi mara 10, yaani desibeli 20, chini ya hapo haitulii.

Nakusihi mambo mawili kabla hujawasha. Weka kapasita ya mikrofaradi 47 mfululizo na twita. Kwa omu 6 inakata karibu Hz 560, mbali na muziki wake, lakini inazuia ule mshindo wa kuwasha na umeme mnyoofu pale amplifaya itakapokufa. Na kama unatumia amplifaya ya klasi D (inayowasha na kuzima umeme kwa kasi) yenye matokeo ya daraja, yaani inayosukuma waya zote mbili za spika, usiunganishe kamwe nyaya hasi za spika mbili ili kuokoa waya. Nyaya zote mbili zina umeme, hakuna iliyo ya ardhi.

Kisha weka krosova ya mteremko wa desibeli 24, ile ya wahandisi Linkwitz na Riley ya mwaka 1976, simamisha maikrofoni ya kupimia mita 1 usawa wa twita, na ugeuze nyaya za spika ya kati makusudi. Mahali inapopokezana na twita lazima pachimbike shimo. Shimo likiwa la kina na pande zake zikilingana, spika hizo mbili zinakwenda pamoja. Likiwa la kina kifupi au limelalia upande mmoja, ongeza ucheleweshaji kidogo kidogo hadi lizame. Rudia hivyo hivyo kati yake na wufa, ila kwa masafa hayo ya chini maikrofoni iwe mbali na kuta. Halafu zirudishe nyaya zilivyokuwa, na uweke rekodi ya mwimbaji unayeifahamu sauti yake.