Marekebisho Stahiki ya Mtihani: Maana Yake na Panapokosewa

Msimu wa mitihani ya utamilifu ukianza hapa Dodoma, kuna kauli inayorudi katika vikao vya walimu, nami nimeisikia mara nyingi kiasi cha kutoweza tena kuinyamazia: "Huyu ana ulemavu, tumpendelee kidogo kwenye muda." Anayeitoa huwa ana nia njema. Mwenzake humjibu kwamba kufanya hivyo ni kuwaonea wengine. Wanabishana, kikao kinafungwa, na mtoto anayezungumziwa hajaulizwa neno. Wote wawili wamejadili upendeleo, wakati walichotakiwa kuamua ni marekebisho stahiki, na hayo ni mambo yasiyo na undugu.

Maana yenyewe ni fupi. Marekebisho stahiki katika mtihani ni badiliko la namna mtahiniwa anavyolipata swali, anavyolijibu, muda anaoutumia au mahali anapofanyia, ili ulemavu wake usiharibu alama, huku kinachopimwa kikibaki vilevile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia 2009, unasema katika ibara ya 2 kwamba kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi, ilimradi yasiwe mzigo usiobebeka kwa anayeyatoa. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Kwa hiyo swali la kama mtoto anastahili kuhurumiwa lilishatoka mezani. Lililobaki, nalo ndilo gumu, ni marekebisho yapi, kwa nani, katika somo lipi.

Ugumu unatoka kwenye maneno ya mwisho ya maana hiyo: "huku kinachopimwa kikibaki vilevile." Watu huyapita haraka, kumbe ndiyo yanayobeba dhana nzima. Kubadili njia ya kuufikia mtihani ni jambo moja. Kubadili mtihani wenyewe ni jambo jingine. Mnunuzi wa zabibu pale Hombolo akipandisha kreti kwenye mizani huondoa kwanza uzito wa kreti, kisha ndipo husema zabibu zina kilo ngapi. Hakuna mkulima mwenzake anayelalamika kwamba huyo amependelewa. Lakini mnunuzi akiongeza vishada viwili kwa sababu mkulima ana mguu mbovu, huo si upimaji tena, hata kama ni wema.

Sasa, mpaka kati ya njia na kipimo hauko mahali pamoja kwa kila mtihani. Hapa ndipo hata walimu wazoefu huteleza. Chukua msaada mmoja tu: mtu anayemsomea mtahiniwa maswali kwa sauti. Katika Hisabati au Sayansi ya darasa la saba, msaada huo hauharibu chochote, kwa kuwa hatupimi kama mtoto anaweza kusoma. Tunapima kama anajua sehemu, asilimia na mzunguko wa maji. Mpeleke msomaji huyohuyo, kwa mtoto huyohuyo, kwenye upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa darasa la pili, katika kipengele cha kusoma. Hapo msomaji amefuta kile kilichokuja kupimwa. Alama itakayoandikwa itakuwa ya msomaji.

Kuna wanaokosea kwa upande wa pili, wakidhani nukta nundu, yaani maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, nazo ni aina ya kusomewa. Hapana. Mtoto wa shule ya wasioona ya Buigiri, kule Chamwino, anapopitisha vidole juu ya karatasi anatambua herufi, anaunganisha silabi, anakosea neno na kulirudia, kama afanyavyo mwenye macho. Anasoma. Nukta nundu ni maandishi kamili, yana herufi zake, tarakimu zake na alama zake za uandishi, kwa hiyo unaweza kupima kusoma kwake bila kubadili kipimo hata kidogo.

Mwandishi, yaani yule anayemwandikia mtahiniwa majibu, ana mpaka wake pia. Katika Historia kazi yake ni rahisi: anaandika anachoambiwa. Katika insha ya Kiswahili mambo yanabadilika, maana tahajia na vituo ni sehemu ya alama. Hapo mtahiniwa inabidi ataje nukta iko wapi, aya mpya inaanzia wapi, na neno lenye utata aliseme herufi kwa herufi. Mwandishi mwenye huruma anayenyoosha sentensi iliyopinda ameacha kuwa mwandishi, amekuwa mtahiniwa wa pili. Nayasema haya bila kumlaumu mtu. Wengi wetu tunaopewa kazi hiyo hatupewi maelekezo ya kutosha kabla ya kuingia chumbani.

Tuje kwenye muda wa ziada, ambao kwa watu wengi ndio mwanzo na mwisho wa habari hii. Ratiba za Baraza la Mitihani la Tanzania huelekeza watahiniwa wenye mahitaji maalumu waongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kwa mtihani wa kidato cha nne wa saa 3, hiyo ni saa nzima zaidi katika Hisabati na nusu saa kwingineko. Nimewahi kuulizwa kwa nini Hisabati ipate mara mbili, kana kwamba ni kwa sababu tu somo hilo linaogopwa. Sababu iko kwenye karatasi. Nukta nundu hujengwa kwa nukta sita tu, na tarakimu hutumia umbo la herufi kumi za mwanzo zikitanguliwa na alama ya namba, kwa hiyo hata 25 inakula nafasi tatu. Mwenye kuona akitazama sehemu, anaona juu na chini kwa mara moja. Asiyeona anaipata imelazwa kwenye mstari mmoja, kipande baada ya kipande, na lazima aishike yote kichwani mpaka kidole kifike mwisho. Umbo la pembetatu lililochorwa kwa mistari ya kupapaswa linataka vidole vilizunguke tena na tena. Mlinganyo ambao mwenzake anaupitia kwa jicho, yeye anaurudia kuanzia mwanzo kila anapotaka kuangalia hatua iliyotangulia. Dakika zile 20 zinalipia kazi hiyo. Hazimwongezei hata chembe ya ujuzi wa Hisabati.

Ukishaelewa dakika zinalipia nini, utaona pia ni nani zisizomsaidia. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu, mikono yake ikiwa mizima, huenda asihitaji hata dakika moja. Anahitaji mteremko mlangoni, meza inayopitisha magoti yake, na choo anachoweza kukifikia. Mwenye mtindio wa ubongo ambaye mkono wake unatetemeka anahitaji muda, au mashine ya kuandikia, au mwandishi. Naye tumwondolee dhana kwamba jina la hali yake linamaanisha upungufu wa akili. Wengi wao akili yao haina tatizo lolote, kilicho kizito ni kalamu.

Mwenye ualbino mara nyingi ana uoni hafifu na macho yasiyovumilia mwanga mkali. Anahitaji karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa. Lakini ukimpa karatasi hiyo kisha ukamkalisha dirishani saa nne asubuhi, kwa jua letu hili la Dodoma, umemrudishia kwa mkono wa kushoto ulichompa kwa mkono wa kulia. Kumhamisha kiti hakugharimu shilingi. Mwenye kifafa au kisukari anaweza kuhitaji saa isimamishwe apumzike au ale kitu, kisha iendelee. Huo hauitwi muda wa ziada, kwa kuwa jumla ya dakika zake za kufanya kazi haijaongezeka.

Na kiziwi? Huyu ndiye ninayeona anaonewa zaidi na fomula moja. Msimamizi akitangaza kwa mdomo kwamba swali la 7 lina kosa la uchapaji, nusu saa ya ziada haitamfikishia tangazo hilo. Liandikwe ubaoni, au awepo mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Lipo na la ndani zaidi. Kwa kiziwi aliyekulia kwenye alama, Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na muundo wa alama haufuati sentensi zetu. Swali la Sayansi lililofungwa ndani ya sentensi ya mistari minne yenye vishazi vitatu linampima Kiswahili kabla halijampima Sayansi. Kuirahisisha lugha bila kugusa dhana ni marekebisho halali kabisa. Katika mtihani wa Kiswahili wa ufahamu, kurahisisha hukohuko kungekuwa kuharibu kipimo. Mpaka umehama tena.

Ndiyo maana uamuzi huu haufanywi kwa kusoma jina la ulemavu kwenye fomu. Mwalimu wa somo anajua karatasi yake inapima nini. Mwalimu wa elimu maalumu, mathalani aliyepitia chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi, anajua ni njia zipi zipo. Mzazi anajua mtoto huchoka saa ngapi. Mtoto mwenyewe anajua kuliko wote kinachomkwamisha, naye ndiye husahaulika. Marekebisho yakishachaguliwa yatumike darasani, kwenye majaribio ya kila wiki na mitihani ya muhula, miezi mingi kabla ya mtihani wa taifa. Mtoto aliyepewa mwandishi kwa mara ya kwanza asubuhi ya mtihani atatumia nusu ya muda kujifunza kumwagiza mtu. Anayepiga mashine ya nukta nundu apangiwe chumba ambacho kelele zake hazitawasumbua wengine, na hilo halipangwi siku hiyohiyo. Mahitaji yote yaingie kwenye taarifa za usajili, kwa sababu karatasi za nukta nundu hazichapwi mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Yule mwalimu anayesema si haki kwa wengine anastahili jibu la heshima, maana hofu yake ina msingi. Wataalamu wa upimaji hulitazama hivi: marekebisho mazuri humwinua aliyekuwa amezuiwa, na hayampi asiyezuiwa faida kubwa. Mpe mwenye macho mazuri karatasi ya nukta nundu, hataongeza alama. Muda ni jambo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu unaweza kumfaa yeyote. Lakini ikiwa darasa zima lingepanda alama kwa kuongezewa nusu saa, basi karatasi ile ilikuwa inapima kasi bila mtu kukusudia, na dawa ni kuirekebisha karatasi kwa wote. Kumnyima mmoja mwenye ulemavu hakuondoi kasoro hiyo.

Na pale ambapo kipimo chenyewe lazima kibadilike, kama kwa baadhi ya watoto wenye ulemavu wa akili wanaopewa maudhui machache au ya kiwango tofauti, hakuna aibu katika kufanya hivyo. Naomba tu tusikuite marekebisho stahiki. Mzazi akiambiwa mwanawe amepata 80 bila kuelezwa kwamba karatasi ilikuwa nyingine, tumemficha jambo analohitaji kulijua ili ampangie mtoto hatua inayofuata.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, fomu ikifika mezani kwako mwaka huu, usiandike "ana ulemavu wa macho, asaidiwe". Andika: "Uoni hafifu. Husoma maandishi yaliyokuzwa, huumizwa na mwanga wa dirisha. Karatasi iliyokuzwa, kiti mbali na dirisha, muda wa ziada katika masomo yote. Ametumia haya tangu kidato cha pili." Na mwenzako akisema tena kikaoni kwamba mtoto anapendelewa, mwulize kwa upole karatasi hiyo inapima nini, kisha mngojee ajibu.