Shu isiyo na tundu: tunayoyaamini katika bustani za Lubumbashi

Katika soko la Kenya (kwa msomaji wa mbali: hii Kenya ni komini, sehemu ya mji wetu wa Lubumbashi huko Kongo, wala si ile nchi), mnunuzi huchambua fungu la lengalenga (mchicha) jani kwa jani kabla ya kuuliza bei. Akiona vitundu, anarudisha. "Mama, hizi wadudu wamezimaliza. Nipe zile nzuri." Mama anayeuza, ambaye mara nyingi ndiye aliyelima, hahitaji kuambiwa mara mbili. Juma lijalo atapiga dawa jioni, atavuna alfajiri, na majani yatang'aa. Mnunuzi ataondoka amefurahi, akiipeleka dawa mezani pamoja na bukari (ugali).

Nina matuta machache nyuma ya nyumba, Katuba, komini nyingine ya mji huu, na kabla ya kushika jembe nilikuwa mnunuzi wa namna hiyo hiyo. Maneno yafuatayo nimeyasikia sokoni, kisimani na juu ya ua wa jirani. Mengine niliyasema mimi.

"Jani lililoliwa na mdudu lina sumu"

Kiwavi akitafuna lengalenga haachi sumu ndani ya jani. Anachoacha ni kinyesi, vipunje vidogo vya kijani au vyeusi, na hivyo huondoka kwa maji. Kata sehemu iliyochakaa, osha, pika. Tundu nalo lisichukuliwe kuwa cheti cha usalama, maana dawa inaweza kupigwa baada ya mdudu kushiba.

Cha kuuliza ni siku: dawa ilipigwa lini? Kila dawa ya dukani ina muda wa kungoja kabla ya kuvuna. Kwa nyingine ni siku tatu, kwa nyingine majuma mawili au zaidi, na muda huo huandikwa kwenye karatasi ya chupa. Lakini hapa kwetu dawa nyingi huingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kisha hufunguliwa na kuuzwa kidogo kidogo katika chupa za maji zisizo na maandishi yoyote. Mkulima hajui hata jina la kitu alichonunua. Hizo siku atazihesabu kutoka wapi?

"Mdudu asipokufa, ongeza kipimo"

Mtu anayelima shu, au kabichi kama wengine wanavyoiita, ataniuliza: nifanye nini basi, maana nimepiga mara nne na viwavi bado wapo? Mtazame kiwavi mwenyewe. Kama ni mdogo, wa kijani, na ukimgusa anajipinda-pinda na kuning'inia kwa uzi, huyo ni mtoto wa nondo ambaye wataalamu humwita Plutella xylostella. Ana sifa mbaya duniani kote. Mwaka 1953, kule Java, Indonesia, alionekana akistahimili dawa ya DDT, na tangu hapo karibu kila dawa mpya iliyoletwa dhidi yake amejifunza kuishi nayo. Hata ile inayotengenezwa kwa bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis, inayoua viwavi na kuacha viumbe wengine wengi, alianza kuizoea huko Hawaii, na jambo hilo liliripotiwa mwaka 1990.

Hafanyi muujiza wowote. Kwenye joto, toka yai hadi nondo anayetaga ni kama majuma matatu tu. Ukipiga dawa ile ile kila Jumamosi, wale dhaifu wanakufa na wachache wenye nguvu wanabaki, nao ndio wanaooana. Baada ya vizazi vichache, shambani mwako wamebaki watoto wa walionusurika. Ukiongeza kipimo mara mbili unaendelea kuchagua wale wagumu zaidi, huku ukimwaga pesa na kujivutia sumu puani.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwa haraka. Katika bustani ya shu huruka nyigu wadogo sana, wembamba, wasiouma mtu. Jike hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wa nyigu humla kiwavi huyo akiwa hai. Dawa nyingi zinazouzwa kwetu huua kila kinachoguswa, na nyigu hufa kabla ya kiwavi. Ndiyo maana wapo watu wanaopiga sana na bado wana viwavi wengi kuliko jirani asiyepiga kabisa.

Mimi sasa nafanya hivi. Natazama chini ya majani mara mbili kwa juma na kuponda ninachokikuta. Matuta machache hayahitaji zaidi. Nikivuna shu nang'oa na kisiki chake, nisiwaachie viwavi chakula cha bure. Wakati wa kiangazi namwagia maji kutoka juu, kwa nguvu kidogo, kwa sababu mvua huangusha viwavi hawa na kiangazi chetu cha Mei hadi Septemba huwapa raha. Ikibidi dawa, basi nabadilisha aina, na nanunua yenye karatasi yake.

"Dawa ya kienyeji haina madhara"

Hili nalisikia zaidi kwa watu wenye nia njema. Wanaloweka tumbaku usiku kucha, wanachuja, wanapulizia nyanya. Inaua kweli, kwa sababu nikotini ni sumu kali, na inapenya hata kwenye ngozi ya mikono yako. Kutoka kwenye mmea badala ya kiwanda hakukuifanya iwe laini. Isitoshe, tumbaku inaweza kubeba virusi vya madoadoa ambavyo hushambulia pia nyanya, kwa hiyo unaweza kufukuza wadudu na kukaribisha ugonjwa kwa ndoo hiyo hiyo. Mvutaji sigara anayeshika miche bila kunawa mikono naye yumo.

Majivu je? Kila nyumba yenye mbabula (jiko la makaa) ina majivu ya makala, na kila jirani atakuambia uyamwage. Yanasaidia kidogo: yakiwa makavu huwasumbua konokono na wadudu wenye ngozi laini, na yana kalisi na potasiamu. Umande mmoja tu, na kazi ya kufukuza imekwisha. Hayana naitrojeni hata chembe, hivyo mboga ya njano haitapata ukijani kwa majivu. Usiyachanganye na mavi ya kuku, maana hufukuza naitrojeni ikapotea hewani. Ile harufu kali inayokupiga machoni ndiyo mbolea yako inayoondoka.

"Sisimizi wanakausha mboga zangu"

Jirani mmoja alimwaga petroli kwenye njia ya sisimizi. Mboga ikafa, sisimizi wakahamia upande wa pili. Sisimizi wale walikuwa wachungaji tu. Mifugo yao ni vidukari, wale wadogo wa kijani au weusi wanaojazana kwenye ncha changa za maharage na shu. Wananyonya utomvu na kutoa maji matamu nyuma, sisimizi wanakunywa, na kwa malipo hayo wanawafukuza maadui wa vidukari.

Adui mkubwa mmoja wa vidukari tunamuua wenyewe. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, watoto wanamjua na kumpenda. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi, mrefu, ana miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo sana. Watu wakimwona wanamponda wakidhani ndiye anayeharibu, ilhali anakula vidukari makumi kwa siku. Mwache. Vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, jua likiwa limepoa. Punguza pia mbolea ya urea: majani yaliyolishwa naitrojeni kupita kiasi huwa laini, na vidukari huzaana humo kuliko kawaida.

"Nundu kwenye mizizi ni alama ya rutuba"

Kwenye maharage na karanga, ndiyo. Ng'oa mharage mmoja: vinundu vimekaa kando ya mzizi, vinabanduka kwa kidole, na ukikipasua kimoja ndani ni cha rangi ya waridi. Humo wamo bakteria wanaoichukua naitrojeni ya hewani na kumlisha mharage.

Kwenye nyanya, bamia au biringanya, jambo ni jingine kabisa. Mzizi wenyewe umevimba kama kidole chenye jipu, na nundu haibanduki bila kuukata mzizi. Hao ni minyoo wa udongoni, wadogo wasioonekana kwa macho, na mmea wako utanyauka mchana hata ukiumwagia maji. Mizizi hiyo usiitupe kwenye mboji, ichome. Mahali pale usirudishe nyanya msimu unaofuata. Watu hupanda maua ya tagetesi mawili matatu pembezoni wakisubiri ajabu. Maua hayo yana nguvu kweli dhidi ya baadhi ya minyoo hiyo, ila yakijaza tuta zima kwa miezi kadhaa, si yakiwa mapambo.

"Kumwagilia mchana kunaunguza majani"

Tone la maji juu ya jani laini haliwi kioo cha kukusanya jua. Mchana maji hupotea tu hewani. Asubuhi ni bora, jioni huwapa konokono na ukungu usiku mzima wa unyevu.

"Kichuguu ni laana ya shamba"

Anayetoka mjini kuelekea Kipushi au Kasumbalesa anaviona: vilima vya mchwa vinavyopita paa la nyumba kwa urefu. Wanaofyatua matofali wanavipenda. Wakulima wengi wanaviogopa, wakidhani ni ghala la jeshi litakalokula mahindi. Vilima hivi ni vya mchwa Macrotermes falciger, na vilipopimwa umri katika misitu ya miombo ya Katanga, vingine vilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Muda wote huo mchwa wamekuwa wakipandisha udongo wa mfinyanzi na kalisi kutoka chini. Udongo wetu mwekundu ni mchachu na umeoshwa na mvua. Wa kichuguu una uchachu mdogo na hushika maji. Ndoo chache kwenye tuta la mchanga huonyesha tofauti yake mwaka huo huo. Changanya na samadi, maana wenyewe ukikauka huwa mgumu kama tofali.

"Ukiosha vizuri, yote yanaondoka"

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo tunalolizungumza kidogo kuliko yote, ingawa mji huu umejengwa juu ya shaba. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu 1911. Upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi moshi wa bomba la kiwanda ulishusha vumbi lake upande wa kaskazini-magharibi: shaba, zinki, risasi, kadimiamu, aseniki. Upande huo, mahali paitwapo Penga Penga, palibaki eneo ambalo hata nyasi zilishindwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kulifunika kwa chokaa, mboji na nyasi iitwayo Microchloa altera, inayovumilia shaba.

Kuosha kunasaidia sana, kwani sehemu kubwa ya metali kwenye mboga za majani huwa ni vumbi lililokaa juu. Kilichoingia kupitia mzizi hakitoki kwa maji, na moto hauivunji risasi. Lengalenga inayokua kwenye udongo wa namna hiyo inaweza kuwa kijani kibichi, bila tundu hata moja. Mnunuzi wetu wa soko la Kenya angeilipia bila kubishana.

Kama unalima karibu na machimbo, kwenye mabaki ya kiwanda, au pembeni ya barabara ya malori ya madini, inua tuta kwa udongo ulioletwa kutoka mbali. Weka mboji nyingi, na chokaa kidogo ikiwa udongo ni mchachu, kwa sababu uchachu ndio unaoifungulia kadimiamu na shaba njia ya kuingia mmeani. Palipo na shaka panda nyanya, bamia au maharage kuliko majani. Matunda kwa kawaida huvuta metali kidogo. Lengalenga na matembele zihamishie kwenye magunia yaliyojazwa udongo mzuri, ziwe mbali na vumbi la njia, na uzioshe kwa maji matatu, lile la mwisho likiwa halina mchanga chini ya beseni.