Unga, arosto na tiba: maswali ambayo familia huuliza

Wazazi, wake na ndugu wa watu wanaotumia heroini huuliza maswali yanayofanana, uwe Temeke, Tanga, Unguja au Malindi. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri elimu ya afya inavyojua. Nimejikita kwenye heroini, yaani unga, kwa kuwa ndiyo dawa iliyowatafuna zaidi vijana wa mwambao wetu kwa miaka mingi. Dawa nyingine nitazigusa pale inapobidi.

Unga ni kitu gani hasa?

Ni zao la utomvu wa mpopi, ule unaoitwa afyuni. Utomvu huo hutolewa mofini, na mofini ikipitishwa kwenye kemikali inakuwa heroini. Mofini yenyewe ni dawa halali, hospitali huwapa wagonjwa wa saratani wenye maumivu makali. Heroini ikiingia mwilini inageuka tena kuwa mofini ndani ya ubongo, ila inafika kwa kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo ndiyo inayomnasa mtu.

Kinachofuata ni kuzimwa kwa kila kinachouma: maumivu ya mwili, hofu, baridi, njaa, mawazo ya deni. Ndiyo maana utamwona mtumiaji amesimama pembeni ya barabara, macho yamefumba, mwili umeinama mbele mpaka unaamini atapiga uso chini, na haanguki. Hana habari na jua wala na watu wanaompita. Ila sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua nayo inapunguzwa kasi, na hapo ndipo unga unapoua.

Sehemu kubwa ya heroini inayofika kwetu imetoka Afghanistan, ikapakiwa kwenye majahazi pwani ya Iran na Pakistan na kuvushwa Bahari ya Hindi. Mzigo mwingi unakusudiwa masoko ya mbali, lakini unapopita unaacha kete mitaani. Miaka ya 1990 uliokuwepo zaidi ni unga wa kahawia, ambao watu waliuvuta kwa moshi. Kuelekea mwaka 2000 ukaja mweupe, unaoyeyuka kwenye maji kwa urahisi, na bomba la sindano likaingia maskani.

Kwa nini kijana aanze, na mateja anawaona kila siku?

Kwa sababu haanzi na sindano. Wengi huanza na kokteli: msokoto wa bangi ulionyunyiziwa unga. Wengine wanajua kilichomo, wengine wanapewa na rafiki bila kuambiwa. Anayeanza anamtazama teja aliyekonda na kujisemea kwamba yeye anavuta tu, tena mara moja moja, hawezi kufika kule. Na kwa wiki kadhaa inaonekana ni kweli.

Sababu za kuanza hazifanani. Yupo anayefuata kundi la kijiweni asionekane mshamba. Yupo mvuvi au mpigadebe anayetaka kupumzisha mwili uliochoka. Wasichana wengi wameingizwa na mpenzi ambaye tayari anatumia. Kwenye miji ya utalii kama Malindi na Watamu, pesa ya haraka ya ufukweni na unga vilikutana mapema. Na wapo waliobeba maumivu ambayo hawajawahi kumwambia mtu: kubakwa utotoni, kufiwa na wazazi, kipigo cha kila siku nyumbani. Kwa hao, unga unakuwa dawa ya kwanza iliyowahi kuwatuliza, na ni vigumu sana kumshawishi mtu aache kitu hicho kwa kumkaripia.

Ukosefu wa kazi unachangia, lakini si maelezo ya kila kitu. Watoto wa matajiri wamo, wasomi wamo, waliolelewa madrasa na kanisani wamo.

Arosto ni nini? Kwa nini anafanya kama mwehu asubuhi?

Ukitaka kumwelewa mtumiaji wa unga, anza hapa. Mwili ukipewa heroini kila siku unajirekebisha uendane nayo. Ikikosekana, kila ilichokuwa inakizima kinarudi kwa mkupuo. Saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho anaanza kupiga miayo, macho yanatoa machozi na pua inatiririka kamasi. Baadaye vinyweleo vinasimama, jasho linamtoka huku anatetemeka kwa baridi, tumbo linakata, anaharisha, anatapika, mifupa na misuli ya miguu inauma kiasi kwamba hawezi kutulia mahali pamoja. Usingizi hauji. Hali hupanda hadi kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki moja hivi, ingawa kukosa usingizi na huzuni huweza kuendelea kwa muda mrefu.

Hiyo ndiyo arosto. Kete moja inaiondoa yote ndani ya dakika chache, na mtumiaji anajua hivyo. Baada ya miezi michache ya kutumia, ile raha ya mwanzo huwa imeshapungua sana. Anachokitafuta asubuhi ni kutoa arosto tu, asimame kama mtu mwingine yeyote. Simu iliyoibwa, sufuria iliyouzwa, uongo kwamba anaenda hospitali: vyote vinafanywa na mtu anayekimbia mateso yatakayoanza saa chache zijazo.

Sisemi wizi uvumiliwe. Ficheni vitu vya thamani, msimpe pesa taslimu, na msione haya kufanya hivyo. Ila mkimhukumu kama mtu aliyechagua kuwachukia, mtatafuta adhabu badala ya tiba, na adhabu haigusi arosto.

Tukimfungia ndani wiki mbili, si itamtoka?

Arosto itamtoka, ndiyo. Ile ya heroini peke yake mara chache humuua mtu mwenye afya, ingawa kuharisha na kutapika bila kurudishiwa maji kunaweza kumfikisha pabaya. Hatari kubwa iko mlangoni, siku atakapotoka.

Mwili uliozoea unga unahimili dozi ambayo ingemuua mgeni. Ukikaa wiki mbili bila kitu, mazoea hayo yanaondoka, lakini hamu inabaki. Anatoka, anakutana na wenzake, anajidunga kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani, na pumzi inakatika. Vifo vya namna hii hutokea sana baada ya kutoka jela, mahabusu, au chumba alichofungiwa na ndugu wenye nia njema. Naomba kila mzazi alijue hili kabla ya kununua kufuli.

Halafu kuna jambo ambalo familia nyingi hazijui. Kama anakunywa gongo au pombe nyingine nyingi kila siku, au anameza Valium na vidonge vingine vya usingizi vya jamii yake, kumkatisha ghafla kunaweza kumletea degedege, kuchanganyikiwa na kifo. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari, hatua kwa hatua.

Tumemkuta amezimika, anakoroma, haamki. Tufanye nini?

Muite kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Kama haitiki, anapumua polepole sana, midomo imekuwa ya bluu au kijivu, na mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano, amezidisha. Itisheni usafiri wa hospitali papo hapo. Kama pumzi imekata au inakuja mojamoja, mpeni pumzi ya mdomo kwa mdomo, moja kila sekunde tano hivi, huku kichwa kimeinuliwa kidevu juu. Anayepumua mwenyewe mlazeni ubavu asije akakabwa na matapishi.

Msimnyweshe maziwa, msimmwagie maji, msimdunge maji ya chumvi, msimwache alale eti itaisha yenyewe. Hospitalini ipo dawa iitwayo naloksoni inayoiondoa heroini kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Akizinduka asiondoke haraka, kwa sababu naloksoni huisha mwilini kabla ya unga, na anaweza kuzimika tena akiwa njiani kurudi nyumbani. Waambieni wauguzi ukweli kuhusu alichotumia. Wakidhani ni malaria, muda unapotea.

Methadoni si ni unga wa serikali tu?

Nalisikia hili kila mara, hata kwa watu wazima wenye busara, na linagharimu maisha.

Methadoni, dawa inayotolewa kliniki kutibu uraibu wa unga, iko jamii moja na heroini, hilo ni kweli. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Inamezwa, inapanda taratibu, na inakaa mwilini zaidi ya saa 24. Dozi ikishapangwa sawasawa, mgonjwa halewi wala hapati arosto. Anaamka, anaoga, anaenda kazini. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Tanzania bara ilifungua kliniki yake ya kwanza Muhimbili Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Unguja huduma iko Kidongo Chekundu. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, halafu Malindi na Kisauni.

Utaratibu wenyewe ni wa wazi. Mgonjwa anafika dirishani kila siku, anatambuliwa, anamiminiwa dozi yake ya maji kwenye kikombe kidogo, anakunywa mbele ya mtoa dawa, kisha anasemeshwa ili ihakikike kwamba amemeza na hakuificha mdomoni. Siku za mwanzo dozi huwa ndogo na hupandishwa pole pole, kwa hiyo wiki za kwanza bado anaweza kusikia arosto kidogo. Wengi huachia hapo, na hapo ndipo mtu wa nyumbani anayemsindikiza ana faida kuliko nasaha zote. Nauli ya kila siku ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi. Mkiweza kuchangia kitu kimoja, changieni hicho, tena kwa kumsindikiza badala ya kumpa pesa mkononi.

Atakunywa mpaka lini? Wengine miaka miwili, wengine mingi zaidi. Mwenye kisukari hakuna anayemhesabia miaka ya insulini. Kupunguza dozi kunafanywa na daktari pamoja na mgonjwa, na kumlazimisha aache mapema kwa sababu majirani wanasema ni teja wa serikali kunamrudisha kwenye sindano. Jambo la kuchunga: asichanganye methadoni na pombe au Valium, kwa maana vikikutana vinakata pumzi.

Dada yetu anatumia na ana mimba. Aache leo?

Asiache ghafla. Arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Apelekwe kliniki, aanzishiwe methadoni, ahudhurie kliniki ya wajawazito kama mama mwingine. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, nazo hutibika wodini. Asijifungulie nyumbani kwa kuogopa kusemwa.

Nasikia wanachangia hata damu. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliripoti kwamba baadhi ya wanawake waliokuwa wakijidunga walivuta damu yao kwenye bomba baada ya kujidunga, kisha wakampa mwenzao asiye na pesa ajidunge damu hiyo, wakiamini ina unga ndani. Unga uliomo hautoshi kuondoa arosto. Kilichomo kwa hakika ni virusi, kama mtoaji anavyo. Walifanya kwa kuhurumiana.

VVU na homa ya ini ya aina ya B na C huenea kwa kasi kwenye sindano za kushirikiana. Anayejidunga apime vyote vitatu. Homa ya ini B ina chanjo, na C siku hizi inapona kwa vidonge vya miezi michache. Apime pia kifua kikuu, hasa akiwa na kikohozi kisichoisha.

Na hivi vidonge vya maumivu, je?

Tramadoli ni jamii ya unga pia. Inaleta uraibu na arosto, na ikizidishwa inaweza kusababisha degedege. Usinunue ya kukisia dukani. Mirungi haina arosto ya namna ya heroini, ila inanyima usingizi na kuchochea magonjwa ya akili kwa baadhi ya watu, na wengine hutafuta vidonge vya usingizi ili kuizima.

Nyumba za upataji nafuu na maombi vinasaidia?

Sober house zimewasaidia wengi, hasa Zanzibar na Dar es Salaam, kwa kuwa wanaoziendesha mara nyingi ni watu walioacha wenyewe. Zikagueni kabla ya kulipa: kama wanafunga watu minyororo au wanapiga, ondokeni na mtu wenu. Dua, ruqya na maombi vinampa mtu nguvu ya kusimama. Vifanyike sambamba na dawa, na kiongozi wa dini anayeamuru methadoni ikatizwe aelezwe kwa heshima kwamba hapo amevuka mpaka.

Nianze vipi kuongea naye?

Chagua saa ambayo hana arosto wala hajasinzia. Usimuulize kwa nini. Mwambie umeona anaumwa na kwamba unajua iko tiba, kisha mtajie kituo na siku mtakayokwenda pamoja. Akikataa, usimtolee vitisho; rudia wiki ijayo. Wengi hukubali baada ya kuombwa mara nyingi, na wengi hurudia kutumia kabla ya kutulia kabisa. Akirudia, arudi kliniki siku hiyohiyo.

Tanzania unaweza kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ukaelekezwa kituo kilicho karibu. Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya kule ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Piga hata kama yeye bado hajakubali, ili siku atakayosema ndiyo uwe unajua mlango wa kugonga.