Mbuzi si jalala: yanayosemwa na ukweli wake

"Mbuzi anakula chochote."

Aliyewaona wakitafuna maboksi sokoni atabisha, lakini mbuzi ana madaha kuliko ng'ombe. Midomo yake ni kama vidole: anapapasa, anaonja, anaacha. Akiachiwa porini hainamishi shingo, husimama kwa miguu ya nyuma kuchuma majani ya migunga. Majani yaliyokanyagwa au kukojolewa hayagusi hata akishinda na njaa. Basi weka malisho kwenye hori lililoinuliwa, au funga matawi yaning'inie, uone yanavyokwisha. Mfuko wa plastiki akiumeza hautoki. Unabaki tumboni, naye anakonda huku tumbo limejaa.

"Akikonda, wanyweshe wote dawa ya minyoo, kila mwezi."

Nami nilifanya hivyo nilipoanza, tena uzito nikiukadiria kwa macho. Ndiyo njia ya kuwazoesha minyoo dawa mpaka isiwadhuru tena. Siku hizi naanza na jicho. Mshike kichwa, mgeuze kwenye mwanga, vuta kope ya chini. Nyama ya ndani ikiwa nyekundu, mwache. Ikiwa nyeupe kama karatasi, ana upungufu wa damu, na mara nyingi wanaoinyonya ni minyoo wa tumboni. Ukipapasa chini ya taya ukakuta uvimbe laini kama mfuko wa maji, usingoje kesho.

Halafu kuna kipimo. Wengi wanatumia cha kondoo, ilhali mwili wa mbuzi huziondoa dawa nyingi za minyoo upesi zaidi. Kiwango sahihi akupe daktari wa mifugo, maana dawa nyingine ukizidisha ni sumu. Majike wenye mimba changa usiwape albendazole, mojawapo ya dawa hizo za minyoo.

Na asubuhi usiwe na haraka ya kufungua zizi. Minyoo wachanga hupanda kwenye nyasi fupi zilizolowa umande. Mbuzi anayekula majani ya vichakani juu huwakwepa. Anayefungwa kamba siku nzima kwenye nyasi zilezile anawala asubuhi na jioni.

"Maziwa ya kwanza ni machafu, yakamuliwe yamwagwe."

Hayo mazito ya njano ndiyo dang'a. Kitoto cha mbuzi huzaliwa bila kinga, na utumbo wake hupokea kinga ya mama kwa saa chache tu. Baada ya siku moja mlango umefungwa. Anyonye ndani ya saa mbili za kwanza. Mwenye kilo mbili na nusu apate kama robo lita siku hiyo.

"Mbuzi ni mgumu, akiugua sindano moja inatosha."

Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, inasababishwa na virusi. Ukiona makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuhara, oksitetra, sindano ya kuua bakteria, haiviui virusi hivyo. Kinachosaidia ni chanjo kabla, na dozi moja hukinga kwa miaka kadhaa.

"Beberu mzuri haachwi."

Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, na jike mchanga huweza kupandwa kabla hajafikisha mwaka. Beberu akikaa miaka miwili atawapanda binti zake. Badilishana na jirani wa mbali. Harufu yake nayo ndiyo watu huisingizia maziwa, kwa hiyo banda lake liwe mbali na pa kukamulia.