Taji la Mshtarii haliwashwi na jua

Juzi jioni pale Shangani, Mtwara, simu ilipita mkono kwa mkono ikiwa na picha ya sayari ya Mshtarii, nchani imevaa taji la buluu. "Jua hilo linaipiga, mwanangu," akasema mzee mmoja. Samahani, babu. Taji hilo ni aurora, yaani mwanga unaong'aa angani karibu na ncha za sayari. Upepo wa jua, yaani chembe zilizochajiwa zinazotiririka kutoka jua, ndio unaochochea aurora za hapa duniani. Kule Mshtarii una mchango, ila si mkubwa.

Chanzo kikuu kiko jirani. Mwezi wake Io umejaa volkano, na kila sekunde hupoteza takriban tani moja ya salfa na oksijeni. Mshtarii hujizungusha kwa muda usiotimia saa 10, na usumaku wake huiburuta gesi hiyo iliyochajiwa. Mburuto huo huzaa umeme. Elektroni hukimbizwa hadi nchani, zikaigonga hidrojeni, nayo ikang'aa. Chombo cha Marekani kiitwacho Juno, kilichofika huko 2016, kimepima juu ya ncha hizo msukumo wa umeme unaofikia volti 400,000.

Itazame taa ya tyubu pale kwa muuza pweza. Ndani yake elektroni huugonga mvuke wa zebaki, ukatoa mwanga wa urujuanimno tusiouona. Ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo ndio unaougeuza uonekane. Aurora ya Mshtarii nayo ni urujuanimno kwa sehemu kubwa, ila haina unga. Kwa hiyo hata ile buluu, babu, imepakwa na wataalamu.