Servisi ya gari si lazima iwe kwa wakala

Wenye magari wengi Tanga wanaamini kwamba gari lisilofanyiwa servisi kwa wakala wa kampuni hufa injini mapema. Wapo wanaokwenda zaidi ya kilomita 300 hadi Dar es Salaam kubadilisha oili tu. Injini haijui nani kashika spana. Inachojua ni oili gani imeingia, kiasi gani, na baada ya kilomita ngapi.

Chukua Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Ukibadilisha na filta, inakula lita 3.7. Galoni la lita 4 likimiminwa lote, tayari imezidi. Fundi akiongeza na ya bakshishi, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, itaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Anayefungua nati ya chini ya kumwagia oili injini ikiwa vuguvugu, akaweka washa (pete ya kuziba) mpya, akapaka oili mpira wa filta na kuikaza kwa mkono, awe gereji ya mtaani Ngamiani, Tanga, au kwa wakala, kazi ni ileile. Mpira wa filta ya zamani usibaki umeganda kwenye injini: ikipandana miwili, oili itamwagika njiani.

Gari jipya lenye waranti ni habari nyingine. Soma kijitabu chake kwanza, tena tunza risiti zenye tarehe na kilomita. Wakala anafaa zaidi kwenye mifuko ya hewa na programu za kompyuta ya gari. Kwa oili, plagi na pedi za breki, nauli hiyo inunulie filta halisi.